Watoto wa Fisi Walikuwa Wangapi

Viazi vilivyotoka kuchimbwa vina harufu ya udongo baridi, na kwetu Kibirichia harufu hiyo ilitufuata hadi darasani, kwenye kucha na kwenye pindo za sketi. Nilikuwa darasa la sita, msimu wa kuchimba, Mwalimu Gatwiri alipogawa ubao kwa mstari mmoja wa chaki. Upande huu, akasema, fasihi andishi: sanaa ya maneno iliyowekwa kwenye karatasi. Upande ule, fasihi simulizi: ile inayokaa mdomoni mwa mtu. Chini ya hiyo ya mdomoni akaandika hadithi, nyimbo, vitendawili, maigizo. Nikahesabu tanzu nne, nikarudia, bado nne. Kisha akainua kitabu cha hadithi, cha pekee katika kabati la darasa, akasema atakayemletea zote nne kufikia Ijumaa, zimetoka kwa watu wa kwao na kuandikwa kwenye daftari, atakaa nacho likizo nzima. Nyumbani kwetu vitu vya kusoma vilikuwa Biblia na karatasi ya maelezo ya dawa ya viazi. Ile karatasi nilikuwa nimeimaliza. Nilikitaka kile kitabu.

Igizo lilikuwa rahisi. Nilikuwa nimeenda na baba soko la Ruiri, nikamwona mzee mmoja akinunua mbuzi: aliondoka kwa hasira mara tatu, akarudi mara tatu, na kila mara muuzaji alitazama mawingu kama mtu asiye na haja. Niliandika nani alisema nini na nani alimgeuzia mwenzake mgongo. Kitendawili nilikuwa nacho, na ndicho kilichonipatia wimbo. Nilimtegea Mwenda, jirani yetu na mshindani wangu, akashindwa, na ukishindwa lazima umpe mtegaji mji. Akanipa Ruiri. Nikakataa, vumbi jingi. Akanipa Githongo, nikataka Meru juu yake.

"Kendi, wewe ni mwizi," akasema. "Meru nzima kwa kitendawili kimoja?"

Tukaelewana abaki na Meru, anipe Githongo pamoja na wimbo wa kuchuma kahawa aliofundishwa na shangazi yake wa huko huko.

Hadithi ndiyo iliyonisumbua. Nilimwendea nyanya alasiri akichambua viazi, vya mbegu huku, vya kuuza kule. Hakuinua hata kichwa. Hadithi haisimuliwi mchana, akasema, ukisimulia mchana ng'ombe wanapotea. Nikamwambia sisi hatuna ng'ombe wa kupotea, tuna mmoja tu. "Basi ni huyo atapotea," akanijibu. Ikabidi ningoje jioni, sufuria ikiwa motoni, ndipo akanipa. Fisi aliwatuma watoto wake watatu wakamletee mbuzi. Wa kwanza akarudi akasema njia inateleza. Wa pili akasema mbuzi ana wageni. Wa tatu hakusema lolote, mdomo ulikuwa umejaa. Nikaandika yote. Kesho yake jioni nikamwomba airudie nihakikishe, na Mwenda, aliyekuwa ameleta jembe letu, akajikalia kusikiliza. Safari hii watoto walikuwa wanne, na wa nne alirudi kuuliza kama kuna chumvi.

"Nyanya, jana walikuwa watatu!"

"Jana ni jana," akasema, akikoroga. "Amezaa."

Sikubadilisha kitu. Nilikuwa nimeandika kwa wino, na daftari lilikuwa limebakiza karatasi mbili.

Ijumaa nilisoma hadithi yangu mbele ya darasa, na kabla sijaketi Mwenda alikuwa amesimama. "Mwalimu, huyo fisi amepunguziwa mtoto! Nimesikia wanne kwa masikio yangu. Kendi amejitungia!" Darasa likacheka. Mwalimu hakucheka. Akarudisha kitabu kabatini, akatuma mtu amwite nyanya.

Nyanya alifika saa nne, matope hadi magotini, akaketi kwenye kiti cha mwalimu, akatazama jua dirishani na kukataa katakata. Ng'ombe. Mwalimu akaanza kumshukuru kwa kuja, na mimi nikaona likizo yangu yote ikienda nyumbani na Mwenda. Nikanyoosha mkono.

"Nyanya, je, tukifunga madirisha?"

Madirisha yetu yalikuwa ya mbao. Nyanya akalifikiria lile pendekezo kama mtu aliyetajiwa bei. "Na mlango," akasema.

Tukafunga. Tukaketi gizani, harufu ya viazi ikiwa imetuzunguka, naye akaanza. Nilihesabu kwa vidole: njia, wageni, mdomo uliojaa, chumvi. Halafu akaendelea. "Wa tano alikuwa amesoma. Alisimama nyuma akiwahesabu wenzake. Akarudia kuwahesabu. Alipomaliza, nyama ilikuwa imeisha."

Mwenda alipiga dawati hadi likakaribia kuvunjika. Mwalimu akafungua dirisha moja, akaandika upande wa simulizi kwamba hubadilika kila inaposimuliwa, na upande wa andishi kwamba hubaki ilivyoandikwa. Akamwambia Mwenda hakusikia vibaya, na mimi sikuandika vibaya. Kisha akanipa kitabu. Kurasa mbili za mwisho hazikuwepo, nilihesabu mlangoni, lakini sikukirudisha. Jioni nilienda kumtazama ng'ombe. Alikuwepo.

Siku hizi nauza viazi Meru mjini, mji ambao ningeumiliki kama ningekaza kidogo. Binti yangu yuko sekondari, na tanzu zote anazo kwenye simu, zimepangwa kwa unadhifu ambao chaki ya Mwalimu Gatwiri haikuufikia. Silalamiki, anapita mtihani. Nyanya tulimzika miaka mingi iliyopita, na daftari bado ninalo. Humo fisi ana watoto watatu. Nimewahesabu mara mbili, hakuna aliyeongezeka tangu siku ile. Lakini jikoni kwangu, jana jioni, walifika sita, na wa sita alichelewa kwa sababu alikuwa akitafuta chaja.