Kisigino na Kifungu cha Tisa

Jina la Kisigino alipewa na mpiga ngoma mkuu, na halikuwa la kumsifu. Mwaka wake wa kwanza katika kundi la michezo ya nyimbo alikuwa akitua kwa kisigino cha kushoto hadi mbao za jukwaa zinalia. "Huyu binti anacheza au anapigilia misumari?" mpiga ngoma aliuliza, ukumbi mzima ukacheka. Lakini sikio halina aibu. Kabla msimu haujaisha, wapiga muziki wote walikuwa wakishika mapigo kutoka kwenye mguu huo. Hawakukaa kikao kukubaliana. Walizoea tu, kama watu wanavyozoea njia ya mkato.

Miaka kumi na mitatu ikapita hivyo, yeye mstari wa mbele, kushoto, akicheza na kuitikia nyimbo za wengine. Mjomba wake hakuchoka kumuuliza atapata kazi lini.

"Ninayo, mjomba."

"Kurukaruka ndiyo kazi?"

"Wewe umekaa kwenye kiti cha ofisi miaka thelathini. Kati yetu sisi wawili, nani anatoka jasho?"

Mama yake, muuza vitambaa sokoni, hakuingilia. Urithi aliompa bintiye ulikuwa mmoja tu: anayeonyesha haraka ameshashusha bei yake.

Sasa Kisigino alikuwa na miaka thelathini na minne na miezi minane. Jumatano asubuhi, siku tatu kabla ya onyesho jipya, meneja alimwita ofisini akamsogezea mkataba. Ulikuwa na vifungu vinane vya siku zote, na cha tisa ambacho wino wake ulikuwa haujazoeana na karatasi: mkataba utakoma siku mchezaji atakapotimiza miaka thelathini na mitano.

"Utaratibu tu, dada yangu. Unawahusu wote."

"Wote wana miaka ishirini na kitu."

"Mwili nao unachoka. Tunakufikiria wewe."

"Nashukuru. Mmenifikiria mpaka mlangoni."

Hakutia sahihi. Meneja akakunja uso. Basi leo kwenye mazoezi, akasema, utacheza mstari wa nyuma, pale mbele tumjaribu Kipepeo.

Kipepeo alikuwa msichana mwepesi, mzuri wa sura, na mbaya zaidi, mwenye adabu. Alimfuata Kisigino kwenye chumba cha kubadilishia nguo, macho yakiwa sakafuni.

"Dada, sikuomba mimi."

"Najua. Nafasi haikataliwi. Inua kidevu ukacheze."

Mwingine angetega, au angejidai kifundo kimeteguka. Kisigino alisimama nyuma ya wenzake kumi na tisa akacheza kwa nguvu zake zote, kama anayelipwa kwa kila ubao. Shida ikaanzia hapo. Wapiga muziki walitupa jicho mbele kushoto, wakakuta mguu unaotua kama pamba. Wakaanza kunyoosha shingo kutafuta ule mwingine. Ngoma ikavuta nyuma, kinanda kikakimbilia mbele, na mwimbaji mkuu akamaliza ubeti peke yake kama mtu aliyeachwa kituoni.

"Tena," akasema meneja.

Wakarudia. Mara ya tatu wachezaji wawili wakagongana mabega.

"Nyie mnaangalia wapi?"

"Tunatafuta kisigino," akajibu mpiga ngoma, bila kuona haya. "Bosi, ukihamisha saa ya ukutani uwe unatuambia."

Meneja akapanda jukwaani, akapita katikati ya wachezaji hadi nyuma. "Haya, rudi mbele."

"Kwa mkataba upi?"

"Hayo tutaongea baadaye."

"Baadaye yako ndicho hicho kifungu cha tisa."

"Naweza kuwafundisha hawa upya, ujue."

"Unaweza. Onyesho Jumamosi, siyo?"

Kisigino alichukua taulo lake akaanza kulikunja, pembe kwa pembe, taratibu, jinsi mama yake anavyokunja kitambaa mteja anapojifanya anaondoka. Alipofika mkunjo wa tatu meneja akapumua kwa pua.

"Sawa. Kwako wewe nitakifuta."

"Kwangu peke yangu? Hiyo ni zawadi, na zawadi huwa inadaiwa kurudishwa. Kifute kwa wote. Huyu Kipepeo unadhani atabaki ishirini?"

"Usinipande kichwani, dada."

"Nipo chini hapa, nimesimama nyuma uliponiweka."

Mikataba ikaletwa kutoka ofisini, ishirini yote. Meneja akapiga mstari juu ya kifungu cha tisa, mmoja baada ya mwingine. Kisigino akasimama pembeni yake akimwonyesha kwa kidole pa kutia sahihi, maana mstari usio na sahihi hata mtoto anaweza kuuchora. Wa kwake akaukagua mara mbili, ndipo akasaini.

"Na ule wimbo wa mjane wa onyesho lijalo," akasema, "bado hamjapata wa kuuimba."

"Ah, hapo umevuka mpaka."

"Haya. Tutazungumza Jumapili."

Akatembea hadi mbele kushoto. Kipepeo alipotaka kuondoka, akamshika mkono. "Simama hapa kulia kwangu. Usiuangalie mguu, usikilize."

"Hivi wewe," meneja akauliza akishuka jukwaani, "unakusudia kucheza mpaka lini?"

"Ziulize mbao," akasema Kisigino, na mguu wa kushoto ukatua.