Aliyetia Maji Kwenye Bia ya Mwende

Kuna kitu sijawahi kuambia mtu yeyote, hata mama. Nilimwona mtu aliyetia maji kwenye bia ya Mwende, na nikanyamaza.

Mwende ni binamu yangu. Alikuwa. Nimeandika "ni" siku nzima na kidole kinakataa kubadilisha. Jumatatu aliingia hospitali na kikohozi, Alhamisi tukapigiwa simu.

Wengi wenu mlimjua kama msichana wa QC, wa kukagua ubora kiwandani kule Athi River, yule wa kucheka mpaka majirani hapa Mumbuni wanachungulia. Mimi nilimjua akiwa amepiga magoti kwenye store yetu, anaongea na ndoo. "Haya mama, kula sukari. Kula, usinionee haya."

Alikuwa anaongea na hamira. Alikuwa amenunua kit ya kutengeneza bia nyumbani: kopo la shira nzito ya shayiri, pakiti ya hamira, ndoo ya lita ishirini na tatu yenye bomba chini.

Mimi sikunywa hata tone, kwa hivyo msianze. Kazi yangu ilikuwa kuandika reading kwenye daftari. Alinichagua, akasema, kwa sababu mimi ndiye mtu pekee kwa hii familia asiyejua kudanganya.

Reading inatoka kwa haidromita, kijiti cha glasi kinachoelea kwenye bia. Maji matupu yanasoma 1.000. Sukari ikiwa nyingi, namba inapanda. Hamira ikiila, namba inashuka pole pole mpaka isimame.

Yetu ilianza 1.045, ikasimama 1.014. Siku tatu mfululizo, 1.014. Mwende akapiga makofi: "Batch imeiva, Syo! Hii inaenda kwa ntheo."

Kwa wasio Wakamba: ntheo ni mbuzi wa posa, na dada yake ndiye alikuwa anaposwa. Uki wa asali, pombe yetu ya kienyeji, ungekuwepo, lakini Mwende alitaka wakwe waonje bia ya mkono wake.

Jumamosi mchana Mwende akiwa shift, nilienda store kuchukua sufuria. Ankol Kioko, ndugu mdogo wa baba, alikuwa amechuchumaa kwa bomba la ndoo na jerikeni ya lita kumi. Ilipojaa, akafungua kifuniko, akarudishia maji ya mfereji mpaka alama ya zamani.

Aliniona. Akaweka kidole mdomoni na kucheka. "Wewe si huwa huongei? Endelea hivyo hivyo."

Jumapili Mwende akapima. 1.008.

"Aiii! Syo, umesoma juu ya povu?" Tukaizungusha haidromita ili mapovu yatoke. 1.008. Tukaipima kwenye maji safi, tukaangalia na temperature. Ikasoma 1.000 bila kosa. Tukarudi kwa bia. 1.008.

Akakaa sakafuni. Akaonja, akakunja uso. Akaniuliza mara moja tu, polepole: "Hii ni kama imetiwa maji. Kuna mtu ameingia hapa?"

Nikasema hapana.

Aliniamini kuliko ulimi wake mwenyewe. "Basi ni mimi nilikosea kupima tangu mwanzo," akasema, akakata zile 1.014 zote tatu kwa kalamu nyekundu. Mtu wa QC, anakata reading za ukweli kwa sababu yangu.

Kwa ntheo, mzee wa upande wetu ndiye huonja kwanza kabla wageni hawajapewa. Baba, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo, alikuwa safarini. Mzee wetu siku hiyo alikuwa nani? Ankol Kioko.

Akaonja, akatema chini mbele ya wakwe. "Huyu msichana wetu ametupikia maji ya kuoshea ndoo!" Watu wakacheka. Mwende naye akacheka. Halafu akaenda nyuma ya jiko, nikamsikia akilia.

Hakuwahi kutengeneza tena. Ile ndoo mama anawekea mahindi.

Leo nimepewa laptop ya baba nitype historia ya marehemu, eti Kiswahili changu ni kizuri. Ankol anasoma kutoka kwa karatasi, mimi natype. Kazaliwa, kasoma, kaajiriwa. Halafu bila hata kupumua: "Alijaribu kutengeneza pombe lakini ikamshinda."

Nikauliza, "Hiyo pia niandike?" Akasema, "Andika. Watu wacheke kidogo, matanga isiwe nzito." Kisha akaenda kunywa chai.

Nimeifuta hiyo sentensi, Ankol. Nimeandika hivi: "Alitengeneza bia nzuri. Ankol wake Kioko aliiba lita kumi, akajaza maji, kisha akamcheka mbele ya wakwe."

Hesabu nayo iko hapa, kwa yeyote atakayesema mtoto anaota. Toa lita kumi kwa ishirini na tatu, zibaki kumi na tatu, rudishia maji. 1.014 inakuwa 1.008. Pigeni wenyewe. Picha ya daftari nimeweka, na zile namba alizokata.

Wakwe nimewa-tag. Wazee wa ukoo kule Mitaboni mlioko Facebook, nimewa-tag. Wewe Ankol nimeku-tag mara mbili. Nataka kesho usimame kaburini ukijua kila mtu ameisoma, na usijue uweke wapi macho. Nataka ucheke tena, nikuone.

Na mimi sijitoi. Yeye aliiba bia, mimi nilimwibia Mwende jibu. Nisameheni baadaye, au msinisamehe.

Nasikia viatu vya Ankol kwenye korido sasa. Siku zote nikisikia mtu mlangoni nafunika ninachoandika. Anaita, "Syombua, umemaliza? Wacha nione."

Nimegeuza laptop, screen inaangalia mlango.

Dada yangu, hukukosea kupima. Jipumzishe sasa, Mwende wetu, ulale bila deni la aibu ya mtu mwingine. Mimi niko hapa na ninaongea.