Mwanafunzi wa Fundi Sikio

Kaka yangu walimpachika jina la Sikio kwa sababu alikuwa akiwasha kompyuta mbovu, analaza sikio juu yake, kisha anakutajia ugonjwa wake kabla hajashika bisibisi. Wateja walipenda sana mchezo huo. Na yeye alipenda kupendwa, tusidanganyane.

Daktari wa macho alipomwambia kwamba presha ya macho imeshamla pembeni kote, kwamba sasa anaona kama mtu anayechungulia kwenye bomba, na bomba lenyewe linazidi kuingia ukungu, aliniapisha nisimwambie mtu, hata mkewe. Fundi asiyeona, nani atamwachia mashine yake? Kazi hiyo ndiyo iliyokuwa imebaki kumfanya ajione mtu. Bila hiyo angekaa kwenye kiti akisubiri kuletewa chai. Nilimgombeza, nikalia, kisha nikakubali.

Tukabuni ujanja. Mimi nilikuwa nauza kalamu na kutoa fotokopi mbele ya duka. Nikahamia nyuma, nikajifanya mwanafunzi wake. Mteja akiwepo, nakikodolea macho kioo na kuuliza, "Kaka, hapa imeandika hivi, maana yake nini?" Yeye anajibu kwa madaha, mteja anavutiwa, kazi inakwenda. Vidole vyake vilizijua njia zote. Alichohitaji ni mtu wa kumwambia kioo kinasema nini.

Asubuhi moja mama mshonaji, mteja wetu wa siku nyingi, akaleta laptop iliyokuwa imeanguka. Ndani yake kulikuwa na vipimo vya nguo za wateja wake wote, na sasa ilikuwa inawaka kisha inakwama njiani. Sikio akaitumbukizia CD yake ya Linux, ile yenye mfumo wake wenyewe wa kuiwasha kompyuta bila kugusa vilivyohifadhiwa ndani, ili avihamishie vipimo kwenye flashi. Menyu ikaja, nikamsomea. Akabonyeza. Nembo ikapita, halafu kioo kikawa cheusi tii.

"Kaka, imekuwa nyeusi. Kwa nini?"

"Kadi ya picha haijaelewana na Linux," akasema. "Tunaiwasha upya, tunaongeza neno moja kwenye menyu, nomodeset, ili ikubali kutoa picha ya kawaida tu. Umeelewa?"

Mama mshonaji akacheka. "Huyu mwanafunzi wako naye! Tangu mwaka jana nakuja hapa, yeye anauliza tu. Atahitimu lini?"

Ulikuwa utani, tena wa mapenzi. Lakini nilimwona kaka shingo ikimsimama.

"Amehitimu leo," akasema. "Nenda mbele ukauze kalamu zako."

"Kaka..."

"Nenda, dada'angu. Si nimekwambia?"

Ukaidi wake naujua tangu utotoni. Hata ungempigia magoti, hakusikii. Nikaenda, nikasimama kwenye mashine ya fotokopi nimetega masikio. Nikasikia vidole vyake vikiandika neno lile haraka, bila kusita. CD ikazunguka. Kisha ukalia ule mlio wa ngoma unaokuambia kwamba Linux imeshafunguka. Nikashusha pumzi.

Halafu akaizima, akaiwasha upya. Ngoma ikalia. Akachomoa waya, akachomeka, akaanza tena. Ngoma ikalia vilevile.

"Sauti ipo, picha hakuna," akamwambia mama. "Kioo ndicho kilichokufa. Taa yake ya ndani imeungua. Itabidi nikifungue."

Nikasikia anapapasa mezani akitafuta bisibisi.

"Subiri kwanza, fundi," mama akasema. "Kimekufaje? Mbona mimi naona? Kina giza kidogo, lakini picha si hiyo hapo?"

Nikaacha kila kitu nikakimbilia nyuma. Picha ilikuwepo kweli. Neno lake lilikuwa limefanya kazi tangu mara ya kwanza, ila laptop nyingine ukiziwasha kwa njia hiyo mwanga wa kioo unabaki hafifu, na mwanga hafifu kwa kaka ulikuwa sawa na giza. Alikuwa ameinama hadi pua inakaribia kugusa kioo, vidole vyake vikikipapasa kutoka kona hadi kona.

"Wapi?" akauliza. "Iko wapi, mama?"

Mama alinitazama mimi. Nikamwona anaelewa: yale maswali yangu yote, tangu mwaka jana. Akaivuta laptop yake taratibu kutoka chini ya mikono ya kaka, akaitoa CD, akaiweka mezani, akafunga kifuniko. Hakusema neno baya. Ni bora angetutukana.

Kaka akabaki na mikono mezani, pale laptop ilipokuwa.

"Ameshaondoka?" akaniuliza kwa sauti ndogo. "Mkimbilie. Asije akawaambia watu. Mwambie leo nimechoka tu, mwambie vumbi limeniingia machoni, mwambie chochote..."

Mama mshonaji alikuwa bado amesimama ubavuni mwake, hatua moja tu, laptop kaikumbatia kifuani, machozi yanamtoka.