Kanda za Marehemu Zinafukuza Ndege Sepuka

Admin, jina langu libaki kwako, maana mwanangu yumo humu na huwa anasoma mpaka maoni.

Mimi ni mama wa miaka sitini na mbili, mjane, naishi peke yangu Singida mjini. Watoto wamekwenda kutafuta maisha. Majirani ni watu wazuri, ila kila mmoja na geti lake, na kuanzia magharibi sauti pekee ninayoisikia ni yangu ninapomkemea paka. Upweke unauma, tusidanganyane.

Miaka ile ya ruksa, madukani vitu vilipoanza kujaa, mume wangu aliuza alizeti akanunua tepu ya kurekodia. Tukawa tunaiweka mbele ya redio yetu ya zamani, wimbo mzuri ukija inanasa, na nyumba nzima marufuku kukohoa. Thubutu! Katikati ya wimbo utasikia jogoo, mara mfuniko wa sufuria, mara marehemu anafoka, "Nyamazeni, narekodi!" Kisha anacheka mwenyewe. Yeye aliona kanda zimeharibika. Alipofariki, hizo ndizo nilizokuwa nasikiliza kila jioni.

Mwaka jana mwanangu alikuja likizo akaniletea simu kubwa. "Mama, makanda haya ya nini? Nyimbo zote zimo humu, nitakulipia kila mwezi." Nikaenda sokoni. Kurudi, kabati tupu. Mfuko mzima kampa baba yake mdogo, mkulima wa kijijini Sepuka. Alikuwa amefurahi mno kunifanyia jambo, nikashindwa kusema.

Nyimbo kweli zimo, tena safi. Niliuweka ule alioupenda marehemu, nikangoja pale anapofoka. Wimbo ukapita moja kwa moja. Nililia jamani, tena kwa wimbo wa kucheza.

Mwezi uliopita nikaenda Sepuka. Nikakuta shemeji amezifumua kanda, utepe ameufunga mti kwa mti juu ya mtama. Upepo ukipiga unavuma, ndege wanakimbia. Nilisimama pale mpaka miguu ikauma. Nusu ya mfuko bado haijaguswa, ameiweka akiba maana utepe unakatika. Nikamwomba anirudishie.

"Shemeji, hizi nimepewa na mwanao kwa mkono wake. Akinipigia yeye akasema nirudishe, narudisha leo leo. Halafu wewe si una simu inayoimba?" Akacheka. Hana ubaya, ndege hao, kweleakwelea, wanammalizia mtama. Nilitaka kumwambia kaka yake yumo mle, nikaogopa. Angempigia mwanangu papo hapo.

Na hapo ndipo niliponasa. Mwanangu hunipigia kila Jumapili, na swali lake la kwanza ni, "Mama, nyimbo unazifaidi?" Namjibu nazifaidi. Ndiyo simu pekee inayoita humu ndani. Nikimwambia alichogawa ni sauti ya baba yake, namjua, atajilaumu mpaka akose uso wa kunipigia. Akinyamaza huyo, ni miezi. Nikinyamaza mimi, ndege wakizidi shemeji anafumua zilizobaki, na mume wangu sitamsikia tena.

Wajane wenzangu, na nyie wenye watoto wa mbali, semeni nami bila kunicheka. Kesho ni Jumapili. Akiniuliza kama nazifaidi, nimjibuje?