Sauti ya Riziki Kutoka Kiwanja cha Fizi

Niliondoka Dzaleka, kambi yetu ya wakimbizi huku Malawi, kwa sababu ya neno la mgeni. Mama mmoja aliyekuwa amefika kambini kutoka Fizi, nchini kwetu, alikaa karibu yangu kwenye ibada ya wanawake, akanikazia macho.

"Sura yako nimeshaiona," akasema. "Iko mwanamuke anabeba chumvi pa kiwanja ya ndege, kule mulimani. Banamuita Riziki."

Riziki ni mdogo wangu, ndiye aliyekuwa akiniita Yaya, yaani dada mkubwa. Vita ilipotufikia mara ya pili tulikimbia njia mbili, mimi ziwani, yeye milimani, na tangu hapo sikusikia habari yake. Kimoyomoyo nilikuwa nimeshaanza kumwita marehemu.

Asubuhi na mapema mwenye kabaza alinipakia kwenye baiskeli yake hadi barabara kuu, nikiwa nimekumbatia kifurushi cha nguo nilizomshonea. Kambini walikuwa wameniambia kwamba kule mlimani mizigo inapelekwa na kampuni ya ndege yenye ghala Kanengo. Inabeba chumvi, sabuni na dawa, vitu ambavyo malori hayawezi kufikisha kwa sababu ya mapigano.

Tulipofika Lumbadzi, nikiwa ndani ya lori la tumbaku, ndege yenyewe ikainuka upande wa uwanja wa ndege. Ilikuwa na tumbo kubwa kama bata anayekaribia kutaga. Ikapita juu yetu kuelekea kaskazini, nami nikaipungia mkono kwa nguvu. Dereva akacheka mpaka usukani ukayumba.

"Amayi, hawakuoni hao!"

"Simpungii rubani," nikamjibu.

Kanengo ilinipokea kwa harufu ya tumbaku, nikaingia ghalani huku napiga chafya. Msimamizi, Mmalawi aitwaye Bwana Phiri, alinipa kiti kwanza, kisha akakataa kifurushi. Kichewa changu cha sokoni kilitosha kumwelewa.

"Ndege haibebi vitu vya mtu binafsi, mama. Nikikubali chako, kesho kambi nzima iko hapa mlangoni."

Alisema kweli, ndiyo maana iliniuma. Nikabaki nimeinamisha kichwa. Akaniletea nsima, ugali wa kwao, na maharagwe, akaketi akingoja nile, kisha akauliza huyo mtu wangu ni nani hasa. Nilipomweleza, akanyanyuka na kumwita mtu wa redio, Papa Alphonse, mzee wa Uvira.

Alasiri, ndege ilipokuwa imeshatua Fizi na kushusha mizigo, Papa Alphonse alinikalisha mbele ya redio yake.

"Ukisema, bonyeza hapa. Ukimaliza, achilia. Na usiseme mingi, rubani anataka kuruka mbele ya mvua."

Akaita kiwanja. Akauliza kama kati ya wabebaji kuna mwanamke anayeitwa Riziki. Redio ikakoroma, ikanyamaza. Bwana Phiri alisimama mlangoni, kofia mkononi. Mimi nilihesabu mbavu zangu kwa vidole, sijui kwa nini.

Kisha sauti ikaja, imekwaruzwa, inahema.

"Nani ananiita? Niko na kazi!"

Nikabonyeza. "Riziki, ni mi. Yaya Furaha."

"Yaya? Njo we kweli? Yaya, unalia! Acha kulia, sisikie kitu!"

"Uko muzima?"

"Niko muzima! Nilizaa mapasa, Yaya, batoto babili. Mumoja nilimupa jina yako. Njo ule anayelia sana!"

Ghala zima likalipuka kwa kicheko, hata Bwana Phiri, ambaye alipotafsiriwa maneno hayo baadaye alicheka mara ya pili. Nilipobonyeza tena, ngurumo ya injini ilikuwa imeshameza kila kitu.

Jioni nilirudi Dzaleka, kifurushi bado mkononi. Wanawake wa ibada walikuwa mlangoni kwangu, wengine na watoto mgongoni, wote wakitaka kusikia kila kitu tangu mwanzo. Njiani nilikuwa nimepanga masimulizi marefu, pamoja na lori na chafya. Lakini redio ilikuwa imenifundisha kusema linalohitajika kwanza, kwa sababu huwezi kujua lini utakatwa.

"Iko muzima," nikasema.

Vigelegele vilivyopigwa pale, nadhani hata mjini Dowa walivisikia. Habari nyingine zote niliwapa tukiwa tumeketi, chungu kikichemka.