Kilonzo na Datsun ya Murera

Siku ya kwanza Wakonyo kukanyaga gereji ya Kilonzo pale Thika, alikuja na pikapu iliyobonyea ubavu mzima na nia ya kulipa nusu ya bei yoyote atakayotajiwa. Alikuwa ameanza maisha kwa kuuza ndizi mbivu sokoni Githurai, akapanda polepole hadi magari ya ajali, na njiani akajifunza kwamba bei ya kwanza ni salamu tu. Mtu haumii kwa salamu.

Kilonzo akataja bei. Wakonyo akacheka, akashika mlango wa pikapu kama mtu anayeondoka.

"Fundi, mimi nataka kunyooshewa gari. Sikukuuliza ploti ya Ngoingwa ni pesa ngapi."

"Mama, hii ubavu imeingia kama tumbo ya mbwa ya njaa. Nikishusha bei, nitaziba na fila, ile udongo ya duka. Nikiweka fila, itapasuka, na utarudi hapa ukinitukana."

"Basi shusha, na usiweke fila."

Kilonzo akakuna shingo kwa mpini wa nyundo. Akashusha. Wakonyo akauona udhaifu wake papo hapo: huyu ni mtu anayependa kazi kuliko bei, na mtu wa namna hiyo hajui kusema hapana.

Pikapu ilipokuwa tayari, Wakonyo alipitisha kiganja ubavuni, akarudia, akachuchumaa akaangalia kwa mwanga wa pembeni. Hakupaona palipokuwa pamebonyea.

Wakafanya kazi hivyo miaka mingi, hata Kilonzo akazoea kumwita Mama Beth, kwa jina la bintiye. Wakonyo alinunua magari yaliyogongwa, Kilonzo akayanyoosha, kisha Wakonyo akayauza Ruiru kwa watu walioapa kwamba hayajawahi kuguswa. Kilonzo alikuwa Mkamba wa Yatta, aliyekuja Thika akiwa kijana kutafuta kazi ya kiwandani, akaikosa, akashika nyundo. Mali yake yote ilikuwa mtungi wa gesi, kipande cha reli alichofulia bati, nyundo za mbao alizochonga mwenyewe, na kona ya uwanja wa kukodi chini ya mabati yaliyotoboka. Jumapili alivaa suti ya kahawia akaimba besi kanisani. Ukimwuliza siri ya mkono wake, alikuwa na jibu moja: "Gari ikitoka kwangu haifai kukumbuka ajali."

Na kweli haikukumbuka. Kazi yake ilikuwa safi kiasi kwamba hakuna aliyeiona, na kisichoonekana hakiombewi bei. Wakonyo alilijua hilo. Hakuona sababu ya kumwambia.

Ndipo mwenye uwanja akaamua kujenga fleti. Alimpa Kilonzo hadi mwisho wa mwaka: nunua kona yako, la sivyo uihame.

Mwaka huo huo Wakonyo akaipata Datsun. Ilikuwa Murera, kwa Muriithi, aliyekuwa akikatakata shamba la marehemu baba yake kuuza ploti. Ndani ya banda la kuku lilisimama gari la mashindano, la milango miwili, pua ndefu, ambalo dereva mmoja wa mbio za Safari aliliacha pale likiwa bovu, akasema anarudi, hakurudi. Kuku walitagia kiti cha dereva.

Wakonyo hakuliangalia. Aliuliza bei ya kuku, akauliza bei ya mabati ya banda, akaaga. Alipofika langoni ndipo akageuka.

"Na ile chuma nayo, utalipa nani akutolee?"

Muriithi akamwachia kwa bei ya chuma chakavu, na karibu amshukuru.

Wakonyo akaweka picha mtandaoni. Jioni haijaingia, mtu wa Nairobi aitwaye Eddie, mkusanyaji wa magari ya zamani, akapiga simu. Alitaja pesa zilizomfanya Wakonyo atafute kiti.

"Lakini usiiguse, mama," Eddie akasema. "Usiioshe, hata na kitambaa. Naitaka vile iko."

Wakonyo akatabasamu peke yake. Maneno hayo aliyajua, maana yeye mwenyewe ameyatumia sana. Ukitaka ng'ombe wa mtu kwa bei ya mbuzi, unamwambia asisumbuke kumlisha. Na kama mtu anatoa pesa hizo kwa kutu na mavi ya kuku, je, gari likimeremeta atatoa ngapi?

"Ngoja iwe tayari," akamjibu. "Utaipenda."

Kilonzo alipoiona, aliizunguka yote. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu wajuane, akaomba kitu.

"Mama Beth, hii usinilipe. Nipe nusu ukiuza. Nataka kununua kona yangu."

"Nitoe mtaji wangu kwanza. Inayobaki, tugawe."

"Sawa."

Hakuuliza mtaji ni nini. Alikataa kazi nyingine zote, na Ndunge mkewe akalisha nyumba kwa kuuza muthokoi, mahindi ya kukobolewa na maharagwe, kwa wafanyakazi wa kiwandani. Kilonzo alikata kutu, akafua bati mpya juu ya reli, akachomelea, akapiga msasa mpaka vidole vikapoteza ngozi.

Siku moja akapiga simu.

"Mama Beth, nimekwangua mlango nikapata namba ya mashindano chini ya rangi, imeandikwa na mkono. Na kwa fenda, hapa juu ya gurudumu, kuna majina ya watu wawili. Paa nayo imebonyea, inaonekana hii kitu ilipinduka. Sasa moyo unasitasita. Mnunuzi alisema nini?"

"Alisema anataka gari. Wewe unaweza nunua shati iko na jina ya mtu mwingine?"

"Kwa hivyo nitoe?"

"Atiriri, Kilonzo! Si wewe husema gari isikumbuke ajali? Hii imekuwa shahidi wa kortini?"

Kilonzo akacheka. Akatoa.

Eddie alikuja na sumaku ndogo mfukoni. Aliipitisha mwili mzima wa gari akitafuta fila, na kila mahali sumaku ikashika. Kilonzo alimfuata nyuma katika suti yake ya Jumapili. Eddie akachuchumaa mlangoni, akakaa hapo.

"Namba iliyokuwa hapa kwa picha za mbio iko wapi?"

"Ilikuwa hapo hapo," Kilonzo akasema kwa furaha. "Hata ukileta darubini hutaipata."

"Na majina?"

"Nilitoa."

"Na paa?"

"Nilinyoosha." Sauti ilikuwa imeanza kushuka.

Eddie akasimama, akajipangusa magoti. "Fundi, kazi kama hii sijaiona. Lakini magari mazuri niko nayo. Hii niliitaka kwa sababu ilipinduka ikamaliza mbio." Akamgeukia Wakonyo. "Mama, si nilikuambia usiiguse?"

Kilonzo akamwangalia Wakonyo. "Alikuambia?"

"Watu husema mengi wakitaka kukushusha bei."

"Na mimi nilikuuliza."

"Uliuliza. Nikakujibu vile najua biashara."

Eddie akataja bei ya gari zuri la kawaida, chini ya ile aliyotaja kwanza kwa kutu. Wakonyo akapigana naye, akampandisha kidogo, akauza. Akatoa mtaji: ununuzi, kubeba, rangi, vipuri vilivyoagizwa mbali. Mikono ya Kilonzo haikuwa na risiti, kwa hiyo haikuwa mtaji. Kilichobaki wakagawa sawasawa kama walivyopatana, na nusu ya Kilonzo isingenunua hata lango la kona ile. Nusu ya Wakonyo nayo ilikuwa hiyo hiyo. Aliitia mkobani.

"Mimi ningemwamini yule mtu," Kilonzo akasema.

"Ndiyo maana huna ploti."

Mwaka mpya ulipoingia, wachimba msingi walifika. Kilonzo alipakia reli na nyundo zake, akarudi Yatta, na sasa anatengeneza malango na mikokoteni ya punda.

Wakonyo alipata fundi mwingine, wa Ruiru. Huyu ni wa fila. Wateja wanagonga bodi kwa kidole, wanasikia sauti ya udongo, na Wakonyo anashusha bei kabla hawajaiomba. Baada ya msimu mmoja wa hasara alimpigia Kilonzo. Alitaja malipo makubwa kuliko yote aliyowahi kumpa, na nauli juu.

Kilonzo alisikiliza mpaka mwisho.

"Hiyo ni bei ya kwanza, Mama Beth?"

"Ni ya mwisho. Haki ya Mungu, ni ya mwisho."

"Haya," Kilonzo akasema kwa upole, kama mtu anayejibu salamu, kisha akakata simu.