Taa ya Ngazini

Kabla ya vita ya Wajerumani na Waingereza, mimi na wifi yangu tulifanya kazi kwa mlowezi mmoja wa Kijerumani, juu kidogo ya mji wa Morogoro, pale mlima unapoanza. Mimi nilipika, yeye alifua na kupiga pasi. Alikuwa dada mkubwa wa mume wangu. Alishaolewa akaachika, na tangu hapo alikuwa akiapa kwamba wanaume amewamaliza.

Nyumba ile ilikuwa na umeme. Bwana alikuwa ameyachepusha maji ya kijito yazungushe dainamo, na waya zikashushwa mpaka nyumbani. Watu walipanda kutoka Mwembesongo, mtaa wa chini mjini, jioni kuja kutazama madirisha tu. Mimi mwenyewe nilikuwa naingia stoo bila haja yoyote, nawasha, nacheka, nazima, natoka.

Siku moja pasi ya umeme ikakataa kupata moto. Akaitwa fundi wa stesheni ya reli, yuleyule aliyefunga umeme nyumba nzima. Alikuwa mtu wa Bagamoyo, mjane, mpole wa maneno. Akapasua kitambaa cha waya wa pasi, akaona umekatika ndani, akauunga. Kisha akalowesha kidole, akagusa chuma, kikalia chii.

"Imepata moto, dada," akamwambia wifi.

"Nimesikia," wifi akajibu, akachukua shati lililokwisha kupigwa pasi akalipiga tena.

Juma lililofuata taa ya ngazini ikaanza visa. Ilikuwa na swichi mbili za kuzungusha, moja chini na moja juu, na yoyote iliweza kuiwasha au kuizima. Bibi, mke wa bwana, alikuwa akiwasha chini, anapanda, na kabla hajafika katikati inazimika. Anarudi, anazungusha, inawaka. Akipanda tena, giza. Akabadilisha globu, haikusaidia. Bwana akaenda kuzoa majani mferejini, akidhani maji yamepungua, lakini taa nyingine zote zilikuwa zinawaka vizuri.

Fundi akaja. Akafungua swichi zote mbili, akakaza skrubu, akajaribu, taa ikawaka bila shida. Akanywa chai jikoni, na wifi akammiminia kikombe cha pili bila kuombwa. Haikupita siku nyingi, taa ikaharibika tena. Fundi akaja, akakaza skrubu zilezile, akanywa chai.

Mara ya tatu nilikuwa napeleka taulo juu kwa ngazi ya nyuma, nikaona miguu ninayoijua chini ya pazia lililo kando ya swichi ya juu. Nikalivuta. Wifi alikuwa amesimama pale, mkono kwenye swichi, na chini tukimsikia bibi akinung'unika Kijerumani.

"Wewe wifi," nikanong'ona, "si ulisema wanaume umewamaliza?"

"Nyamaza. Kumbe alibaki mmoja."

Nilikaa chini nikaing'ata kanga yangu nisisikike. Machozi yalinitoka.

Kesho yake bwana akachoka. Akamwita fundi, sote tukiwapo. "Hii mara ya tatu. Huijui kasoro yake?"

"Naijua, bwana," fundi akasema taratibu. "Waya nilivuta mwenyewe. Taa ni nzima. Kuna mtu huko juu anaizima."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema, nisingeitwa tena."

Wifi akajifunika kanga uso mzima, akakimbilia jikoni na kukipiga teke kikapu cha nguo. Bibi ndiye aliyeelewa kwanza. Alicheka mpaka akakaa kwenye kidato cha ngazi, akamweleza mumewe kwa lugha yao. Bwana akamtazama fundi, akautazama mlango wa jikoni, akaenda zake shambani, mabega yakimtikisika.

Jumapili fundi akaja nyumbani kwetu na mzee wake kuposa. Mume wangu, ambaye hakujua lolote, akamuuliza amemwonea wapi dada yake.

"Kazini, shemeji," fundi akasema. "Nilikuwa natengeneza taa."

Ikabidi nitoke nje.

Walioana baada ya mfungo. Pilau nilipika mimi, na kila nikimtazama bibi harusi alivyoinamisha kichwa kwa haya, kicheko kilinipanda upya, hata nikatia chumvi mara mbili. Watu wakala hivyohivyo, wakaomba maji.